Ukoo Mmoja, Tabia Mbili

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hii yafaa kwa wavuvi, lakini tukiitumia kuvihukumu vijidudu viitwavyo bakteria, itatupotosha. Historia ya ukoo mmoja tu wa vijidudu hivyo yatosha kuwa ushahidi.

Mnamo mwaka 1885 Theodor Escherich, daktari kijana katika mji wa Munich, Ujerumani, alitangaza jambo aliloligundua. Siku zile kuhara kuliwaua watoto wachanga wengi wa Ulaya. Escherich aliona kwamba mtu hawezi kuujua ugonjwa asipoujua uzima kwanza. Kwa hiyo alichunguza kwa hadubini choo cha watoto wenye afya. Choo cha kwanza cha mtoto aliyezaliwa punde hakikuwa na bakteria. Lakini kabla ya siku kwisha, vijidudu vilikwisha kuingia tumboni na kufanya maskani. Kimoja kilikuwa na umbo la kijiti kifupi. Escherich alifariki mwaka 1911, na baadaye kijidudu hicho kilipewa jina la kumkumbuka: Escherichia coli.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ugonjwa wa kuhara uliwashika askari wengi huko Dobruja, kando ya Bahari Nyeusi. Askari mmoja aliyekuwa huko hakuugua. Mwaka 1917 Alfred Nissle, daktari wa Freiburg, alipata katika choo cha askari huyo aina ya Escherichia coli, akaamini kwamba ndiyo iliyomkinga. Aina hiyo ingali yatumika Ujerumani kuwa dawa ya maradhi ya matumbo.

Lakini mwaka 1982, katika majimbo ya Oregon na Michigan, Marekani, watu waliokula mikate yenye nyama ya kusaga walishikwa na maumivu makali ya tumbo na kuhara damu. Wataalamu walipochunguza, waliona mkosaji ni wa ukoo ule ule: aina iitwayo O157:H7. Hiyo hukaa katika matumbo ya ng'ombe bila kumdhuru, lakini ikimwingia mwanadamu hutoa sumu iwezayo kuharibu hata figo.

Basi, msomaji, kijidudu hakihukumiwi kwa jina la ukoo wake, bali kwa aina yake na mahali kilipo. Escherichia coli aliye mtulivu husaidia kutengeneza vitamini K, ambayo huwezesha damu kuganda tujikatapo. Lakini huyo huyo akipotea njia na kuingia katika njia ya mkojo, huleta ugonjwa.

Kwa sababu hiyo yatupasa kunawa mikono na kuivisha nyama vizuri. Tena tusimeze dawa za kuua bakteria bila amri ya daktari, kwani dawa hizo zikiingia tumboni haziulizi nani mwizi na nani mlinzi.