Tarime na swali la ruzuku: kutoka Wangwe hadi Heche

Katika wiki moja ya Januari 2025, vyama viwili vikubwa vya siasa nchini vilichagua makamu wenyeviti wa Bara, na wote wawili walitoka Mkoa wa Mara. Mkutano mkuu maalumu wa CCM, Dodoma, ulimpa nafasi hiyo Stephen Wasira wa Bunda. Siku chache baadaye, katika ukumbi wa Mlimani City jijini Dar es Salaam, wajumbe wa CHADEMA walikesha wakipiga na kuhesabu kura, na kulipokucha John Heche wa Tarime alikuwa ameshinda kwa kura 577 dhidi ya 372 za Ezekia Wenje.

Huko Tarime, cheo hicho kina historia nzito. Mwaka 2008 mwana mwingine wa Tarime alisimamishwa katika nafasi hiyohiyo ya Makamu Mwenyekiti wa CHADEMA Bara, baada ya kuhoji namna chama kinavyoongozwa na fedha zake zinavyotumika. Hakumaliza hata miezi miwili akafariki dunia. Jina lake ni Chacha Zakayo Wangwe. Asiyejua habari zake hawezi kuelewa kwa nini siasa za wilaya hii ya mpakani zina moto kiasi hiki, wala kwa nini uchaguzi wa Januari 2025 ulikuwa mkubwa kuliko majina ya walioshinda.

Watano wa 2005

Uchaguzi Mkuu wa 2005 uliipa CHADEMA majimbo matano tu nchi nzima. Dk. Willibrod Slaa alishinda Karatu, Philemon Ndesamburo Moshi Mjini, Zitto Kabwe Kigoma Kaskazini, Said Arfi Mpanda Kati, na Wangwe Tarime. Mwaka uliofuata Wangwe akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa chama kwa upande wa Bara, chini ya Freeman Mbowe aliyekuwa Mwenyekiti tangu 2004.

Wangwe alikuwa mtu wa maneno makali na asiyeogopa. Jimbo lake lilikuwa na mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulioanza uzalishaji 2002 na kuingia mikononi mwa kampuni ya Barrick mwaka 2006. Vijiji vilivyouzunguka vilikuwa na malalamiko ya ardhi, fidia, maji na vijana waliokuwa wakiuawa kwa risasi mgodini. Wangwe aliyabeba malalamiko hayo kama yake, na watu wakamwona ni wao.

Kipindi kile kilikuwa cha kashfa kubwa. Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Slaa alisoma hadharani orodha ya vigogo 11 aliowatuhumu kwa ufisadi, iliyobatizwa Orodha ya Aibu. Januari 2008 Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, aliondolewa kutokana na wizi wa Sh bilioni 133 katika akaunti ya madeni ya nje, EPA. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza bungeni kujiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha wakamfuata. Aprili mwaka huohuo Andrew Chenge naye aliachia uwaziri, kwa tuhuma zilizohusishwa na ununuzi wa rada.

Wapinzani ndio walioshika usukani wa mjadala huo, na walistahili sifa. Lakini Wangwe aliona kwamba anayemdai mwenzake hesabu lazima naye aonyeshe za kwake. Akaanza kuhoji matumizi ya ruzuku, yaani fedha za walipa kodi ambazo Serikali huvipa vyama vya siasa kila mwezi. Akalalamika pia kwamba madaraka ya chama yamekaa mikononi mwa watu wachache wa upande mmoja wa nchi. Mbowe na wenzake walikanusha, wakasema Makamu Mwenyekiti anakivuruga chama kwa kutoa ya vikaoni hadharani. Katikati ya 2008 Kamati Kuu ilimsimamisha umakamu.

Usiku wa Pandambili

Julai 28, 2008 Wangwe alitoka Dodoma, Bunge likiwa katika kikao cha bajeti, akielekea Dar es Salaam kwa gari dogo aina ya Toyota Corolla. Alikuwa anawahi msiba wa Bhoke Munanka, mkongwe wa TANU na mwana mwenzake wa Tarime. Usiku huo gari lilipinduka eneo la Pandambili, wilayani Kongwa, naye akafariki.

Mwili ulipofika kijijini Kemakorere, waombolezaji wenye hasira walikataa usizikwe. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mbunge wao amepigwa risasi. Viongozi wa juu wa CHADEMA waliokwenda kumzika makamu wao iliwabidi waondolewe chini ya ulinzi wa polisi. Mazishi yakaahirishwa mpaka madaktari walipofanya uchunguzi wa pili wa mwili, ambao haukukuta alama ya risasi. Kijana aliyekuwa naye ndani ya gari alishtakiwa mahakamani Dodoma kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari na kusababisha kifo, akatiwa hatiani.

Hivyo ndivyo vyombo vya dola vilivyoamua, na hakuna ushahidi uliowahi kutolewa hadharani wa kupindua uamuzi huo. Tunachopaswa kujifunza Kemakorere ni kitu kingine. Mwenye swali alikuwa amesimamishwa, na swali lake lilikuwa halijajibiwa kwa vitabu vya hesabu. Ajali ya barabarani ilipotokea juu ya hali hiyo, hakuna maelezo yoyote ya chama ambayo yangeaminika. Chama kilikuwa kimeshapoteza imani ya watu kabla ya gari kupinduka.

Ritongo na inchama

Wakurya, walioenea Tarime na sehemu ya Serengeti, wana mabaraza mawili yanayoeleza tatizo hili vizuri. Ritongo ni mkutano wa hadhara. Watu wa ukoo hukusanyika, mlalamikaji husema, mtuhumiwa hujibu, na uamuzi hutolewa kila mmoja akisikia. Inchama ni baraza la wazee wachache, na vikao vyake ni vya siri. Jamii inayahitaji yote mawili, ila kila moja lina kazi yake. Mambo ya wizi na mali ya watu ni ya ritongo.

Vyama vyetu vimezoea kuyapeleka mambo ya mali kwenye inchama. Mjumbe anayeuliza fedha huambiwa asubiri kikao, na kikao kikifika milango hufungwa, kisha yeye ndiye anayetoka akiwa mtuhumiwa. Si CHADEMA peke yake. Mwaka 2011 CCM ilitangaza mpango wa kujivua gamba, ili watuhumiwa wa ufisadi waondoke wenyewe. Rostam Aziz aliachia ubunge wa Igunga Julai mwaka huo, na mpango ukaishia njiani.

Hata nchi zenye demokrasia kongwe hupata shida hiyo. Rais Richard Nixon wa Marekani aling'ang'ania madaraka katika kashfa ya Watergate hadi Agosti 1974, pale maseneta wa chama chake cha Republican walipomwendea Ikulu na kumweleza wazi kwamba hana kura za kumwokoa. Akajiuzulu. Lakini Mei 2021 wabunge wa chama hichohicho walimvua Liz Cheney cheo cha tatu kwa ukubwa katika uongozi wao bungeni, kwa sababu alikataa kukubaliana na madai ya Donald Trump kwamba ameibiwa uchaguzi wa 2020. Agosti 2022 Cheney akaangushwa katika kura za maoni jimboni kwake Wyoming. Chama kilekile kiliweza kumwajibisha mkubwa wake, na miaka 47 baadaye kikamwadhibu aliyetaka mkubwa awajibike.

Gharama iliyolipwa Tarime

Uchaguzi mdogo wa Oktoba 12, 2008 ulifanyika mji wa Tarime ukiwa umejaa askari. Mchungaji Christopher Mtikila wa DP alipigwa jiwe wakati wa kampeni. Pamoja na yote, Charles Mwera wa CHADEMA alimshinda Christopher Kangoye wa CCM kwa zaidi ya kura 5,000. Watu wa Tarime walikuwa wamekasirishwa na uongozi wa chama, lakini hawakuwa tayari kulirudisha jimbo kwa chama tawala.

Nyufa hazikuzibwa. Mwaka 2010 CHADEMA ilimteua Mwita Waitara kugombea, Mwera akahamia CUF na kugombea kwa tiketi hiyo. Kura za upinzani zikagawanyika, na Nyambari Nyangwine wa CCM akapita. Mwaka 2015, jimbo likiwa limegawanywa mara mbili, CHADEMA iliyachukua yote: Heche akawa mbunge wa Tarime Vijijini na Esther Matiko Tarime Mjini. Waitara alikuwa amehamia Dar es Salaam, ambako alishinda Ukonga. Julai 2018 alihamia CCM, akisema ametofautiana na Mbowe kuhusu muda wa uenyekiti na fedha za chama. Mwaka 2020 alirudi nyumbani na kutangazwa mshindi wa Tarime Vijijini dhidi ya Heche, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa kote nchini.

Serengeti nayo ilipata yake. Mwaka 2015 Marwa Ryoba Chacha wa CHADEMA alimwangusha Dk. Stephen Kebwe wa CCM. Miaka mitatu baadaye akajiunga na CCM, katika wimbi la wabunge waliosema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Uchaguzi mdogo uliitishwa, na CCM ikampitisha Ryoba bila kupingwa. Wapiga kura wa Mugumu, Natta na Ngoreme, waliomchagua kwa bendera moja, wakapewa mbunge yuleyule kwa bendera nyingine bila kuulizwa. Mwaka 2020 CCM ilimsimamisha mtu mwingine.

Swali lililogoma kufa

Wangwe hakuishi kuona swali lake likiingia kwenye sheria. Mwaka 2009 Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa, na hesabu za vyama zikawekwa chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Oktoba 2013 Zitto Kabwe, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, alitangaza kwamba vyama tisa vilikuwa vimepokea Sh bilioni 67.7 za ruzuku tangu 2009 bila kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Karibu bilioni 51 zilikwenda CCM, na zaidi ya bilioni 9 CHADEMA. Mwezi uliofuata Zitto alivuliwa nyadhifa zake CHADEMA, sababu iliyotolewa ikiwa ni waraka wa siri wa kupanga kuuchukua uongozi. Arfi, aliyekalia kiti cha umakamu baada ya Wangwe, akajiuzulu. Machi 2015 Zitto alifukuzwa.

Julai 28, 2015, miaka saba kamili tangu usiku wa Pandambili, CHADEMA ilimpokea Lowassa, aliyekuwemo katika Orodha ya Aibu, na ikamfanya mgombea urais wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Dk. Slaa, aliyeisoma orodha ile, akaondoka. Kati ya wale wabunge watano wa 2005, ni Ndesamburo peke yake aliyebaki na chama bila mfarakano hadi kifo chake Mei 2017.

Mgogoro uliendelea kurudi Mara. Novemba 2020 Matiko na Ester Bulaya wa Bunda walikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu huku chama kikisema hakikuwateua, na Kamati Kuu ikawafukuza ndani ya siku chache. Tulipofika Januari 2025, Tundu Lissu alishindana na Mbowe kwa hoja ambazo mtu wa Tarime angezitambua mara moja: ukomo wa uongozi na usafi wa fedha. Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Mbowe alikubali kushindwa asubuhi hiyo kabla ya matokeo kutangazwa rasmi, na kwa hilo anastahili heshima. Swali lililomponza Wangwe mwaka 2008 lilikuwa limepigiwa kura mbele ya kamera za nchi nzima.

Uongozi huo mpya haukupata nafasi ya kupumua. Aprili 2025 Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na Heche akabaki kukiongoza chama. Dhuluma ya dola ni mzigo halisi, na wanaoibeba wanahitaji kutetewa. Hata hivyo isigeuzwe pazia la kufunika hesabu za ndani, kwa sababu chama kinachopigwa nje kinahitaji kuaminiwa ndani kuliko chama kingine chochote.

Wito wangu kwa msomaji, wa CCM au wa CHADEMA, wa Sirari au wa Mugumu, ni huu. Ruzuku ni fedha yako, imetoka kwenye kodi ya sukari na sabuni unayonunua. Mwenyekiti wa chama chako wa wilaya akija kuomba kura, mwombe akuonyeshe kwanza hesabu zilizokaguliwa. Na akitokea mwanachama mwenzako anayeuliza fedha zimekwenda wapi, usikubali afukuzwe kabla swali lake halijajibiwa.