Lugha za Waya Chache Ndani ya Visima vya Isiolo

Pampu ya kisima kirefu ikizimika Merti au Sericho, wa kwanza kujua ni wenye ngamia. Zamani habari ilifika mjini Isiolo kwa dereva wa lori au kwa msafiri yeyote aliyeelekea huko. Fundi naye alifika siku kadhaa baadaye, pengine bila kipuri kinachotakiwa. Mradi wa Kenya RAPID, ulioanza mwaka 2015 katika kaunti za Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir na Garissa, uliifupisha safari hiyo ya habari. Pampu za umeme zilifungwa sensa za kampuni ya SweetSense, ambazo hupima mkondo unaokwenda kwenye mota na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu au kwa setilaiti.

Sifa zote huenda kwa setilaiti. Hata hivyo, kabla ya kufika angani, taarifa ya aina hii husafiri sentimita chache ndani ya kijisanduku, kutoka kwenye sensa hadi kwenye chipu inayofikiri, kisha hadi kwenye modemu. Lugha zinazotumika katika safari hiyo fupi mara nyingi zina umri mkubwa kuliko mhandisi anayezitumia.

Zote zina desturi moja. Biti hupita moja baada ya nyingine, kama mbuzi wanaotoka mlango wa boma huku wakihesabiwa. Kuzipitisha nane kwa pamoja kungeongeza mwendo, lakini kungehitaji nyaya nane. Mfaransa Émile Baudot, ambaye jina lake limebaki katika kipimo cha baudi, aliunda telegrafu ya kupitisha alama moja baada ya nyingine miaka ya 1870, kila herufi ikiwa na alama tano. Afrika Mashariki haikuchelewa kuuonja uchumi huo wa waya: mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilitoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji na Durban, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar. Kwa gharama ya kulaza kebo baharini, hakuna aliyewaza kulaza nane.

Kompyuta ziliirithi desturi hiyo. Kanuni ya RS-232, ya kupitisha biti kwa msururu, ilitolewa Marekani mwaka 1960, na miaka hiyohiyo Gordon Bell wa kampuni ya DEC akabuni sakiti ya kugeuza biti za kompyuta kuwa msururu. Kufikia 1971 Western Digital ilikuwa imeibana sakiti hiyo katika chipu moja, ile inayoitwa UART. Haina waya wa saa. Pande mbili hukubaliana mwendo mapema, na upande mmoja ukidhani ni baudi 9600 na mwingine 4800, kinachosomwa ni takataka tupu.

Mwendo huo wa 4800 una historia yake. Mwaka 1983 chama cha vifaa vya elektroniki vya baharini cha Marekani kiliuchagua kwa kanuni yake ya NMEA 0183, ili vyombo vya melini vielewane. Baadaye vipokezi vya GPS vikaifuata: kila sentensi huanza kwa alama ya dola, na baadhi hubeba saa, latitudo na longitudo. Lugha ya mabaharia ikaingia nyikani. Shirika la Save the Elephants lilianza kuwavisha ndovu wa Kenya kola za GPS mwaka 1995, na leo ndovu wanaovuka mto Ewaso Nyiro kati ya Samburu na Buffalo Springs, upande wa Isiolo, hufuatiliwa kwa ramani.

Huko Uholanzi, Philips ilikuwa na shida ya sebuleni. Runinga zake zilijaa chipu, na kila chipu ilidai nyaya zake. Jibu lilikuja mwaka 1982: I2C, nyaya mbili tu, moja ya data na moja ya saa, huku kila chipu ikiwa na anwani yake. Motorola ilitoa SPI miaka hiyohiyo, yenye kasi zaidi lakini yenye nyaya zaidi.

Kwa nchi kame, hata hivyo, iliyo bora huenda ni ile isiyojulikana sana. SDI-12 ilizaliwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya wapimaji wa mito na mvua. Ina nyaya tatu, umeme wa volti 12, na mwendo wa baudi 1200, yaani herufi 120 kwa sekunde. Mwendo huo ni wa kobe, lakini kipimo cha mvua hakina haraka. Sensa hulala, huamshwa, hujibu, kisha hulala tena, na betri hudumu. Kituo cha hali ya hewa cha ATMOS 41, ambacho mradi wa TAHMO umekisimika katika shule mbalimbali za Kenya, huzungumza lugha hiyo.

Umbali ukizidi, kazi huachiwa RS-485 ya mwaka 1983, inayofika hadi mita 1200 kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa. Juu yake hupita Modbus, iliyotolewa na Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya viwanda na ambayo sasa imo katika vidhibiti vingi vya pampu za sola. Ina kero moja ya kuchekesha: watengenezaji hawajakubaliana hadi leo ni waya upi uitwe A na upi B. Fundi akikosa jibu, hatua ya kwanza ni kuzibadilisha nyaya hizo mbili.

Modemu nayo bado inaamrishwa kwa maneno yanayoanza na AT, yaliyoletwa na Dennis Hayes katika Smartmodem yake ya mwaka 1981. Mtindo wa amri hizo ulinakiliwa katika ELM327, chipu ya Elm Electronics ya Kanada iliyomo, halali au bandia, katika vifaa vya bei nafuu vya kusomea makosa ya magari. Kazi yake ni kuitafsiri CAN, lugha ambayo Bosch iliitangaza Detroit mwaka 1986 ili kupunguza nyaya ndani ya gari, iwe maneno ambayo simu ya fundi inayaelewa. Kifaa hicho humfaa mwenye Probox mpyampya. Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980, ambazo bado zinaelekea Garbatulla zikiwa zimejaa watu na magunia, hazina hata tundu la kukichomeka.