Mgombea na Rafiki Zake

Ukitaka kumwangusha mgombea ambaye huna pa kumshikia, mtafutie rafiki mbaya. Mbinu hii ni kongwe. Mwaka 1988 huko Marekani, George Bush mkubwa alimsema mpinzani wake, Michael Dukakis, kuwa ni mwanachama mwenye kadi wa ACLU, chama cha kutetea haki za raia. Aliisema kadi hiyo kana kwamba ni hati ya uhaini. Dukakis alishindwa, ingawa si kwa sababu hiyo peke yake.

Miaka 20 baadaye, zamu ikamfikia Barack Obama, yule ambaye baba yake alitoka Nyang'oma Kogelo. Safari hii jina la rafiki mbaya lilikuwa ACORN.

ACORN ilianzishwa mwaka 1970 katika jimbo la Arkansas. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya wanyonge wa mijini wadai nyumba, mishahara ya haki na huduma. Ilikuwa na desturi ya kuandamana na kuwapigia kelele wenye mabenki, kwa hiyo maadui hawakukosekana. Vilevile iliandikisha wapiga kura. Huko Marekani, katika majimbo mengi, raia asipojiandikisha mapema hapigi kura, na wanaoachwa nje ya daftari kwa wingi ni maskini.

Mwaka 2008 shirika lilitangaza kwamba limekusanya fomu milioni 1.3. Baadaye ikabainika kuwa karibu 400,000 zilikataliwa. Nyingi zilikuwa za watu waliokwisha kuandikishwa, au hazikujazwa sawasawa. Lakini zilikuwamo pia za uongo mtupu. Baadhi ya vibarua waliolipwa kukusanya majina walikaa kivulini wakajitungia. Ikaonekana fomu ya Mickey Mouse, yule panya wa katuni. Huko Nevada yakaonekana majina ya wachezaji wa timu ya Dallas Cowboys.

Hapo ndipo John McCain alipopata rungu. Katika mdahalo wa tarehe 15 Oktoba 2008, alidai kuwa ACORN iko karibu kufanya udanganyifu mkubwa kupata kutokea katika uchaguzi wa nchi yake, na akamtaka Obama aeleze uhusiano wake nao. Obama alijibu kwamba alikuwa wakili wao tu, katika kesi ya kulilazimisha jimbo la Illinois kutekeleza sheria ya kurahisisha uandikishaji. Kesi hiyo ya mwaka 1995 ilikuwa ya kweli, na Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa upande uleule.

Hata hivyo, haki ni haki. Jibu la Obama lilikuwa fupi kuliko ukweli. Katika kura za mchujo, kampeni yake ililipa zaidi ya dola 800,000 kwa kampuni iliyo tanzu ya shirika hilo. Na ACORN yenyewe haikuwa malaika: ndugu wa mwanzilishi wake alikuwa ametafuna karibu dola milioni moja, na wakubwa wakalificha jambo hilo kwa miaka minane.

Lakini McCain naye alikuwa na la kujibu. Mwaka 2006 alihutubia huko Miami katika mkutano wa kutetea wahamiaji, ambao ACORN ilikuwa miongoni mwa waandalizi wake. Siku ile haikuwa rafiki mbaya.

Na tusisahau kwamba fomu ya uongo si kura ya uongo. Mickey Mouse hakufika kituoni Novemba 4. Obama alishinda kwa kura zaidi ya milioni tisa. Pamoja na hayo, mwaka uliofuata uchunguzi mmoja wa maoni ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wafuasi wa chama cha Republican waliamini ACORN ndiyo iliyomwibia ushindi. Neno likisemwa kwa nguvu katika mdahalo, halirudi kinywani.

Septemba 2009 vijana wawili walitoa mikanda ya video waliyoipiga kwa siri, wakijifanya kahaba na mshirika wake wanaotaka ushauri. Baadhi ya wafanyakazi wa ACORN waliwajibu mambo ya aibu. Kabla uchunguzi haujakamilika, Baraza la Seneti lilipiga kura 83 kwa 7 kulinyima shirika fedha za serikali. Baraza la Wawakilishi likafuata kwa 345 dhidi ya 75. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Brooklyn hawakuona jinai, na mwanasheria mkuu wa California akasema mikanda ilikatwakatwa. Wafadhili walikuwa wamekwisha kukimbia. Mwaka huohuo ACORN ilifunga milango.

Sisi nasi tuna chaguzi zetu, na majukwaani hatukosi kusikia kwamba fulani ni mtu wa kundi fulani. Tukilisikia hilo, tuulize mambo matatu: Je, mgombea aliwatuma? Je, alijua? Je, alifaidika? Asipoweza kujibu, na ahukumiwe. Lakini anayemshutumu asipoweza kuthibitisha, naye ahukumiwe vilevile.

Fahali wawili walipigana mwaka 2008. Mmoja aliingia Ikulu, mwingine akarudi kwenye kiti chake Seneti. Nyasi zilizoumia ni wale maskini waliokuwa wakigongewa mlango na kuulizwa kama wamejiandikisha.