Malaika wa Kijani

Kuna mchoro pale National Gallery, London, ambao malaika wawili wamebaki kijani usoni. Na si sanaa ya kisasa. Unaitwa Manchester Madonna, ulichorwa kwa rangi za kiini cha yai juu ya ubao miaka ya 1490 hivi, na wataalamu wengi wanaamini ni kazi ya Michelangelo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Maria na watoto, Yesu na Yohana, wana rangi ya ngozi. Malaika wa kushoto, wapi! Fundi aliacha kazi kabla ya kuwafikia.

Kwa hivyo tunaona kitu ambacho kilikusudiwa kufunikwa: rangi ya chini.

Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa wachoraji huko Italia karibu mwaka 1400, anasema uso usianzwe na rangi ya ngozi. Paka kwanza udongo wa kijani uliochanganywa na nyeupe kidogo, mara mbili, mikono na miguu pia. Waridi huja baadaye, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, huku kijani kikichungulia kwenye vivuli vya shavu na shingo. Kijani na wekundu hupingana, na kwa kupingana huko ngozi inaonekana ina damu. Ukichora maiti, anasema, usimpake waridi kabisa.

Jamaa alikuwa makini hadi kwa kuku. Uso wa kijana ulitaka kiini cha kuku wa mjini, kile kilichopauka. Wa mzee, kiini chekundu cha kuku wa shamba. Aliyewahi kukaanga yai la kienyeji anamwelewa.

Shida ni kwamba waridi ile ni nyembamba. Karne nyingi za kuchakaa na kusafishwa zimeila, ndiyo maana watakatifu kadhaa wa Siena wa miaka ya 1300 leo wanaonekana kama wameshikwa na malaria. Kwao tabaka la juu limeondoka. Kwa malaika wa Michelangelo halikuwahi kufika. Chini ni kijani kilekile.

Hao malaika huitwa “hawajakamilika”, neno ambalo linanikera kidogo. Wasogelee uwaangalie. Sura zao tayari ziko pale, na kila mmoja ameshajua anatazama wapi. Usoni, kilichobaki ilikuwa ngozi tu.