Reali ya Sham, Dhahabu ya Tabora na Jicho la Mnunuzi

Katika zama ambazo soko la Unguja lilikuwa likipokea fedha za kila taifa lililotia nanga bandarini, haikumtosha mtu kusema kwamba anayo reali, bali alitakiwa abainishe ni reali gani: kama ni reali ya Sham, yenye sura ya malkia wa Austria, au reali ya mzinga, ambayo ni fedha ya Kihispania iliyochongwa nguzo mbili, nazo nguzo hizo machoni mwa watu wa pwani zilikuwa mizinga, au reali ya Fransa, yaani kipande cha faranga 5. Kila moja ilikuwa na uzito wake na thamani yake, na Banyani aliyekaa kitako dukani kuzivunja na kuzibadili alizipokea kwa mkono, akazipima kwa mizani, akaziangusha juu ya jiwe ili azisikilize. Kwani fedha safi ikigongwa hulia mlio mwembamba unaokawia kufa, ilhali iliyotiwa risasi hutoa kishindo butu kisha ikanyamaza. Jicho lilikuja mwisho, baada ya mkono na sikio kwisha kutoa ushahidi wao.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu biashara ya sarafu za kale, ambayo aghlabu siku hizi hufanywa katika minada ya mtandaoni, imewanyang'anya wanunuzi mashahidi wale wawili wa kwanza. Anayenadi yuko mji mwingine, pengine bara jingine. Sarafu haishikiki wala hailii. Na kinachobaki ni picha mbili, moja ya uso na moja ya mgongo, pamoja na maneno machache ya sifa yaliyoandikwa na mtu ambaye faida yake imo ndani ya sifa hizo hizo. Wenye kughushi wameutumia upungufu huo, nao ustadi wao haufanani na wa wenzao wa karne ya kumi na tisa.

Hakuna sarafu inayolidhihirisha jambo hili kuliko hiyo reali ya Sham. Maria Theresia alifariki tarehe 29 Novemba 1780, na kwa kawaida ya mambo fedha yenye sura yake ilipasa ikome pamoja naye. Haikukoma. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Yemen na wa Uhabeshi walikuwa wamekwisha kuizoea, wakizijua lulu za taji lake dogo na za bizimu lililofunga vazi begani, wakizijua na herufi S na F chini ya kifua chake, ambazo ni alama za wakuu wa nyumba ya kupigia fedha ya Günzburg, mji uliokuwa wakati ule chini ya Austria. Na reali iliyopungua lulu, au iliyofutika herufi zile, walikuwa wakiirudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo Austria, ilipotaka kuendelea kununua bidhaa za mashariki kwa fedha yake, ililazimika kuendelea kuipiga sarafu ya malkia aliyekwisha kuzikwa, kwa tarehe ile ile ya 1780, uzito ule ule wa gramu 28.07, na mchanganyiko ule ule wa sehemu 5 za fedha kwa sehemu 1 ya shaba. Mwaka 1858 sarafu hiyo iliacha kuwa fedha halali ndani ya Austria yenyewe, lakini viwanda havikusimama.

Italia, kwa kuona wivu wa utawala huo wa sarafu usiokuwa na jeshi, ilijaribu mwaka 1918 kupiga reali yake kwa ajili ya Eritrea, yenye sura ya mwanamke aliyefananishwa na malkia, lakini watu hawakudanganyika na ndugu huyo wa kambo, wakaikataa. Mwaka 1935, ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata kutoka Vienna haki ya kuipiga reali yenyewe huko Roma. Waingereza nao, wasioweza kuvumilia kwamba biashara ya Aden na ya pande zile isimame kwa idhini ya Roma, wakaanza kuipiga London mwaka uliofuata. Ikapigwa pia Paris na Brussels, na wakati wa vita ikapigwa Bombay. Zote zilisema 1780.

Mwenye kupenda sheria atauliza: je, reali iliyopigwa London mwaka 1937, kwa jina la malkia asiyekuwa wa Uingereza na kwa tarehe ya kabla ya Napoleon, si ya kughushi? Kwa mizani ya Banyani wetu jibu ni rahisi, nalo ni kwamba si ya kughushi hata kidogo, kwani fedha iliyomo ni kamili na lulu zake zimetimia. Wa kughushi machoni mwake alikuwa ni yule aliyepunguza fedha akazidisha shaba, au aliyepaka risasi maji ya fedha. Dhambi ilikuwa katika madini. Lakini mnunuzi wa leo hatafuti fedha kwa uzito, maana fedha kwa uzito ipo tele na kwa bei nafuu zaidi, anatafuta umri. Kwa hiyo anayempelekea reali iliyotoka kiwanda cha Vienna juzi, kwani Vienna inaendelea kuipiga hadi leo, akaiandikia kwamba ni reali ya asili ya 1780, amemuuzia fedha halisi na akamwibia vilevile. Hiyo ndiyo hadaa iliyoenea kuliko zote katika minada hii, nayo haihitaji tanuru wala kalibu. Inahitaji tu muuzaji aisome tarehe kwa sauti na kuyanyamazia mengine. Nimeona wakitetewa wauzaji wa namna hii kwa hoja kwamba tarehe imo juu ya sarafu na kila mtu anajisomea, hoja ambayo kadhi yeyote mwenye akili timamu angeitupa nje.

Kuzipambanua ni elimu ya subira. Wajuzi huangalia umbo la bizimu na hesabu ya lulu zake, manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili upande wa mgongo, mahali pa nukta baina ya maneno, na hasa ukingo, ambako maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma yamechorwa kwa mapambo yanayotofautiana kiwanda kwa kiwanda. Ukingo huo ndio ambao picha za mnadani karibu kila mara hazionyeshi. Wala si ajabu kwamba hazionyeshi, kwa kuwa ukingo unazo siri nyingine pia: wanawake wa Oman, Yemen na pwani yetu walizivaa reali shingoni kwa vizazi na vizazi, zikatobolewa au zikalehemiwa vitanzi vya kupitishia mkufu, na siku sonara alipovitoa vitanzi hivyo ili sarafu iuzwe kama sarafu, alibakisha kovu dogo la lehemu juu ya kichwa cha malkia, akalipiga tupa, akalipaka wino wa moshi, akaiita sarafu hiyo nzima. Mwenye kutazama kwa kioo cha kukuzia ataona kwamba mahali hapo ukingo umenyooka kidogo kuliko duara linavyotaka, na kwamba herufi moja au mbili zimekuwa nyembamba kuliko jirani zake.

Hapo tumekwisha kuingia katika aina ya pili ya udanganyifu, ambayo haighushi sarafu bali hughushi hali yake. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, bingwa wa elimu ya nafsi na mkusanyaji wa senti kubwa za shaba za nchi yake, alitoa kitabu ambamo alizipanga sarafu kwa namba kuanzia 1 hadi 70, kwa dhana kwamba ile ya 70 ina thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei ilivunjika upesi, lakini namba zilibaki, zikasambaa duniani. Na kwa kuwa baina ya sarafu iliyoguswa kidogo na ile isiyoguswa kabisa pana tofauti ndogo ya macho na tofauti kubwa ya fedha, kila muuzaji akaona ngazi ya kupandisha mali yake daraja mbili tatu kwa wino tu. Sheldon mwenyewe, baada ya kufa kwake mwaka 1977, ilibainika kwamba alikuwa amezitwaa senti nzuri za jumuiya ya elimu ya sarafu mjini New York na kuziwekea badala yake zilizo duni. Basi baba wa kupima ubora alikuwa akiubadili ubora mikononi mwa wenyewe.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kampuni za kupima, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zinazoitia sarafu katika kisanduku cha plastiki kilichofungwa, chenye namba na daraja. Na dawa ilisaidia sana, hata ikawa watu wananunua kisanduku badala ya sarafu, jambo ambalo waghushi hawakukawia kulifahamu, wakaghushi na visanduku. Kwa sarafu za Unguja madaraja haya hupotoshwa kwa njia ya jikoni. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash, yenye tarehe ya Hijra 1299 na picha ya mizani upande mmoja, kwa kawaida ni ya kahawia iliyokolea, kama inavyostahiki shaba iliyopita mikono mingi. Ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hung'aa rangi ya waridi, na muuzaji huiita mpya. Lakini wekundu wa shaba mpya una mng'ao unaozunguka sarafu inapogeuzwa mbele ya taa, na huu wa ndimu umelala, hauzunguki.

Sarafu ya nchi yetu inayoghushiwa kwa tamaa kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya dhahabu ya Tabora. Vita vya 1914 vilipowafungia Wajerumani njia ya bahari, sarafu zilianza kuwaishia, na mwaka 1916 wakafanya nyumba ya kupigia fedha katika karakana ya reli ya kati huko Tabora. Walipiga hela 20 na hela 5 kwa shaba na shaba ya manjano, wakitumia hata maganda ya risasi. Na kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke wakapiga kipande cha rupia 15, upande mmoja tai wa dola, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake mwaka pamoja na herufi T. Inasimuliwa kwamba aliyechonga mihuri ya chuma alikuwa sonara Msinghala. Kipande hicho kina gramu 7.168, sehemu 3 kati ya 4 zikiwa dhahabu, na vilipigwa 16,198 tu, vya aina mbili zinazopambanuliwa kwa ncha ya nakshi kuishia chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Uzuri wa sarafu hii, kwa maoni yangu, umo katika kasoro zake. Ilipigwa na mafundi wa garimoshi kwa vyombo visivyokusudiwa kazi hiyo, kwa hiyo ukingo wake haukulingana, na mahali pengine nakshi imefifia kwa kukosa nguvu ya mgandamizo. Mghushi asiyejua historia huona haya kuiga upungufu, akamtengeneza tembo aliyekamilika kila kunyanzi. Na mwenye kujua historia akaiga upungufu, lakini kwa kuinakili sarafu moja halisi, na hapo ndipo anaponaswa. Mizani pamoja na maji humkamata wa kwanza hata kama amepaka dhahabu juu ya shaba: gramu 7 za dhahabu ya namna ile hupandisha maji kwa takriban nusu ya mililita tu, na shaba ya uzito huo hupandisha zaidi ya robo tatu. Reali ya Sham kadhalika, ikizamishwa, hupandisha mililita 2.75 hivi, na ile ya shaba ya manjano iliyopakwa hupita 3.

Walakini vipimo hivyo huja baada ya kununua, nasi tunazungumza kabla ya kununua, wakati zipo picha tu. Hapa mtandao, uliotunyang'anya mkono na sikio, umelipa jicho fidia ambayo Banyani hakuwa nayo, kwani yeye aliziona reali zilizopita dukani kwake, na sisi twaweza kukusanya katika jioni moja picha za sarafu mia za Tabora zilizouzwa miaka iliyopita na kuzipanga bega kwa bega. Sarafu mbili halisi zilizotoka muhuri mmoja hushirikiana alama za muhuri, nazo alama hizo huwa zimeinuka, kwa sababu mkwaruzo uliochimbika katika chuma hutokeza mstari uliovimba juu ya dhahabu. Alama za maisha, yaani kibonyeo cha kuanguka sakafuni au mkato wa kisu cha mtu aliyetaka kujua ndani mna nini, zimezama, na kila sarafu ina zake peke yake. Ukikuta sarafu mbili zilizouzwa na watu wawili, moja Ujerumani na moja Marekani, zote zina kibonyeo kimoja kilichozama nyuma ya sikio la tembo, kwa urefu ule ule na mwelekeo ule ule, basi hazikuanguka zote sakafu moja. Zimezaliwa na muhuri uliotengenezwa kwa kuinakili sarafu iliyoanguka, na ile iliyoanguka kwelikweli huenda isiwe hata mojawapo ya hizo mbili.