Mswaki: Kutoka Kijiti cha Mti hadi Mashine ya Umeme

 

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa siku hizi katika darsa zetu, kuanzia Masasi mpaka Newala, ni hili: je, anayesafisha meno kwa mswaki wa umeme hupata thawabu ya Sunna, au Sunna ni kwa kijiti cha mti tu? Wapo wanaolicheka swali hili. Sisi hatulicheki, kwani nyuma yake ipo ibada ambayo wengi wetu tumeiacha bila kujua.

Tuanze na jina. Waarabu husema siwaki au miswaki. Neno hilo likawa mswaki kwa Waswahili wa pwani, kisha likapanda bara pamoja na lugha na dini kwa njia za misafara ya Lindi na Mikindani. Iliposhuka dukani brashi ya plastiki, watu waliiita kwa jina lile lile. Hata Masasi, ambako Wamisionari wa UMCA waliweka makazi yao mwaka 1876, Muislamu na asiyekuwa Muislamu wote husema wanapiga mswaki.

Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani. Vizazi kwa vizazi kina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuyateka na kuyapandisha kichwani. Katika nchi kama hiyo kijiti kilikuwa neema, kwani hulainishwa kwa kutafunwa na hakihitaji hata kikombe kimoja cha maji. Na ndivyo Bibi Aisha (R.A.) alivyomlainishia Mtume (S.A.W.) mswaki kwa meno yake katika saa za mwisho za uhai wake.

Brashi nayo ina historia yenye fiqhi ndani yake. Kabla ya mwaka 1938 brashi nyingi za viwandani zilitengenezwa kwa nywele ngumu za nguruwe. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, nywele hizo ni najisi, na chombo cha najisi hakitwaharishi kinywa. Mwaka huo zilitoka Marekani brashi za nailoni, na tatizo hilo likaondoka kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, anayenunua brashi ya nywele za mnyama na aulize ni za mnyama gani. Mswaki wa umeme ulibuniwa Uswisi mwaka 1954.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaji kwamba mswaki hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza, isipokuwa kidole cha mtu mwenyewe kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mti wa araki ndio bora, lakini si sharti. Basi brashi ya nailoni imo, na ya umeme imo pia.

Huenda mtu akasema: mashine ndiyo inayosugua, si yeye. Tunamjibu kwa mfano wa udhu. Mashafii wamesema kuwa mtu akisimama kwenye mvua kwa nia ya udhu, maji yakapita juu ya viungo vyake kwa utaratibu unaotakiwa, udhu wake unasihi ijapokuwa hakujisugua. Kinachotakiwa ni nia na kupatikana kwa usafi.

Kwa hiyo hasara haimo katika chombo. Hasara imo katika wakati. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angeliamrisha mswaki katika kila Swala. Wanachuoni wakakokoteza nyakati tatu: kuamka usingizini, kubadilika harufu ya kinywa, na kusimama kwa ajili ya Swala. Mzee wa zamani alikuwa na kijiti chake mfukoni, akakitumia mlangoni mwa msikiti. Sisi brashi zetu zimebaki nyumbani, nyingine zimechomekwa kwenye chaja, nasi tunazikumbuka asubuhi na usiku. Tumepata meno masafi, tukapoteza Sunna ya Adhuhuri, Alasiri na Magharibi.

Kwa mwenye kufunga, kauli mashuhuri ya Mashafii ni karaha baada ya jua kupinduka, ingawa Imam Nawawi mwenyewe amechagua katika Majmuu kwamba hakuna karaha. Dawa ya meno ni bora itumiwe kabla ya Alfajiri, kwa kuchelea kuimeza.

Nasaha yetu kwa Maimamu ni nyepesi. Msiwakataze vijana mswaki wa umeme, bali wafundisheni kuutia nia, kisha waambieni waweke kijiti mfukoni kwa ajili ya Swala za mchana. Viwili hivyo havigombani.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.