Alama ya Kuuliza

Katika mafaili ya kusanidi kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, za zamani za BSD, ile Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, kuna alama moja ndogo ambayo haijapewa heshima inayostahili. Mstari unaanza kwa kutaja kidhibiti cha diski, unafuata na jina la njia ambayo kidhibiti hicho kimeunganishwa nayo, na pale ambapo ungetegemea kuona namba, pana alama ya kuuliza. Aliyeandika mstari huo hakujua kifaa kiko wapi, akalikiri hilo waziwazi, na kazi ya kukitafuta akaiachia kerneli yenyewe wakati wa kuwaka. Ninaamini kwamba alama hiyo ililetwa na watu ambao mashini zao hazikufanana, tena waliokuwa mbali na kiwanda, na kwamba kwa sababu hiyo historia yake ni ya watu wa Luberizi kama ilivyo ya watu wa California.

Luberizi iko kwenye uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi. Njia za bidhaa zinazofika upande huo wa Uvira zinajulikana: bandari ya Dar es Salaam, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha ziwa hadi gati la Kalundu, au nchi kavu kupitia Bujumbura na Gatumba. Kompyuta iliyosafiri hivyo, kwa kawaida, imeshaishi maisha mengine kabla. Ilikuwa ofisini kwa mtu nchi ya mbali, ikauzwa kwa jumla na wenzake, ikabadilishwa kumbukumbu hapa na diski pale. Mashini tatu zikikutana kwenye chumba kimoja cha kuchapa barua na kupiga fotokopi, ni nadra mbili kati yake ziwe na bodi ya aina moja. Moja ikifa, diski yake haitupwi. Inafunguliwa skrubu nne, inahamishiwa kwenye nyingine, na hapo ndipo swali zima la draiva za diski, yaani programu zinazoiwezesha kerneli kuzungumza na vidhibiti, linapozuka. Mfumo ulioandikwa ndani ya diski hiyo haujawahi kukutana na kidhibiti kilicho mbele yake. Je, utaweza kusoma diski ambayo wenyewe unaishi ndani yake?

Kwa miaka zaidi ya kumi ya mwanzo, jibu la Unix lilikuwa hapana. Wakati mwingine husahaulika kwamba Unix yenyewe ilianzia kwenye diski. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Murray Hill, Ken Thompson alipata kompyuta ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, na alichotaka kwanza ni kupanga foleni ya maombi ya kusoma na kuandika ili diski ya mashini hiyo ifanye kazi kwa kasi inayowezekana. Mfumo mzima uliota juu ya kazi hiyo. Lakini diski ilikuwa moja, na aliyeandika draiva alikuwa ameketi mbele yake, kwa hiyo hapakuwa na cha kuuliza. Ukifungua draiva ya diski ya RK05 katika Toleo la Sita la Unix, la mwaka 1975, anwani ya kidhibiti imeandikwa kwa mkono ndani ya programu: 0177400, kwa hesabu ya msingi wa nane. Kifaa kikiwa kwenye anwani nyingine, kwa kerneli hiyo hakipo duniani. Kusanidi kulikuwa ni kuiendesha programu iliyoitwa mkconf na kuitajia majina ya vifaa ulivyonavyo, rk kwa diski hii, tm kwa tepu ile. Nayo ilitoa jedwali la draiva na jedwali la ishara za kukatiza, ukayaunga na kerneli upya. Ukikosea, mashini haikuwaka.

Mabadiliko yalikuja na kompyuta ya VAX, na hayakuletwa na kampuni iliyoitengeneza VAX. DEC iliuza mashini pamoja na diski zake, kwa bei yake. Vyuo vikuu visivyo na fedha za kutosha vilinunua diski za CDC, Ampex na Fujitsu, vikaziunga kwa vidhibiti vya Emulex, na ndiyo maana mfumo wa Berkeley ulikuwa na draiva mahususi ya vidhibiti hivyo. Kila chuo kikawa na mchanganyiko wake. Juni 1981 Berkeley ilitoa 4.1BSD, na ndani yake kulikuwa na msimbo wa kuiwezesha kerneli kuvitambua vifaa yenyewe, ulioandikwa na Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Sioni kama ni sadfa kwamba kazi hii ilitoka Australia. Aliyeko jirani na kiwanda humwita fundi wa kiwanda. Aliye ng'ambo ya bahari hupokea tepu kwa posta na kujitegemea.

Namna kerneli hiyo ilivyotafuta inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa kila msemaji wa Kiswahili anaijua desturi yake. Kerneli ilibisha hodi. Ilikwenda kwenye anwani ambayo kidhibiti kingeweza kuwapo, ikasoma, ikangoja kuona kama kuna jibu. Pakiwa kimya, ilipita. Jibu likija, bado haikutosheka: ilikipa kidhibiti agizo dogo la kukifanya kipige kelele, yaani kitume ishara ya kukatiza, kisha ikaangalia ishara hiyo imetokea mlango gani. Kwa hiyo kitu ambacho fundi wa mwaka 1975 alilazimika kukijua na kukiandika, kerneli ya mwaka 1981 ilikipata kwa kumsikiliza mwenye nyumba akiitika. Ndipo alama ya kuuliza ilipoweza kuandikwa kwenye faili bila woga.

Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa na kompyuta, lakini za mkataba mwingine kabisa. Tanzania iliweka kompyuta ya ICT 1500 katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta baada ya hasara za kuzitegemea bila watu wa kuziendesha. Mashini, diski na programu zilitoka mkono mmoja, na ujuzi wa nini kimeunganishwa na nini ulibaki kwa aliyeuza. Marufuku ile huelezwa mara nyingi kama woga wa teknolojia. Mimi naiona pia kama matokeo ya mashini ambayo mnunuzi hakuruhusiwa kuijua.

Ilipofika miaka ya 1990 na kompyuta ndogo za kila kampuni, hadithi ilijirudia tangu mwanzo, kana kwamba hakuna aliyejifunza. Faili la usanidi la Linux 0.01, la mwaka 1991, lina machaguo mawili ya diski: LINUS_HD, diski ya Linus Torvalds, na LASU_HD, diski ya rafiki yake Lars Wirzenius. Diski mbili za watu wawili wa Helsinki, basi. Walipojiunga watu wasiowajua, kila mmoja alikuja na kidhibiti chake. Slackware, toleo la Linux lililoanza mwaka 1993, lilijibu kwa kutoa disketi nyingi za kuwashia, kila moja na kerneli yake: moja kwa diski za IDE, nyingine kwa Adaptec 1542, nyingine kwa BusLogic, na kadhalika. Disketi ilibeba megabaiti 1.44 tu, draiva zote zisingeenea, na mtumiaji alitakiwa aijue kadi yake kabla hajaanza. FreeBSD ya miaka hiyo, mrithi wa ile BSD ya Berkeley, ilichukua njia ya kati. Mstari wa kidhibiti cha IDE kwenye faili lake uliitaja njia kwa alama ya kuuliza, ukaendelea kutaja mlango na ishara namba 14 kama makisio ya mwanzo, na mtu aliweza kusimamisha kuwaka na kuyarekebisha makisio hayo kwenye skrini. Warsha za AfNOG, kikundi cha waendeshaji wa mitandao barani Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000, zikafika Kampala 2003, Nairobi 2006 na Kigali 2010, zilifundisha Unix kwa FreeBSD na Linux, zikiwa na darasa la Kifaransa pia. Kigali si mbali na Ruzizi.

Kuna pingamizi la kiufundi ambalo ni la haki. Kubisha hodi ovyo ni hatari. Kwenye kompyuta za njia ya ISA, vifaa havikuwa na majina. Kerneli iliyotafuta kidhibiti cha diski iliweza kugonga mlango wa kadi ya mtandao, na kadi hiyo, ikichukulia ule mguso kuwa ni agizo, ikaifungia mashini nzima. Linux ililazimika kuongeza neno reserve, la kuitajia kerneli milango isiyoruhusiwa kuguswa. Kwa hiyo aliyesema mwaka 1994 kwamba ni salama zaidi binadamu kuandika namba mwenyewe hakuwa mjinga. Kilichomjibu ni njia ya PCI, iliyoanza mwaka 1992 na kuenea polepole. Kila kadi ya PCI hujitambulisha inapoulizwa: namba ya mtengenezaji, ambayo kwa Intel ni 8086, namba ya kifaa, na darasa la kazi yake. Darasa 01 ni vifaa vya kuhifadhi, na ndani yake 06 ni SATA. Jambo hilo la darasa ndilo kubwa kuliko yote. Draiva ya ahci hukipokea kidhibiti ambacho haijawahi kusikia ukoo wake, mradi kimesema kinafanya kazi gani na kwa taratibu zipi. Mgeni anapokewa kwa kazi ya mikono yake.

Pingamizi la pili ni la ubadhirifu: kwa nini kubeba draiva za vidhibiti mia moja kwenye mashini yenye kimoja? Mwaka 1996 Werner Almesberger na Hans Lermen waliingiza initrd kwenye Linux, diski ndogo ya kumbukumbu inayopakiwa pamoja na kerneli, yenye moduli za draiva zinazohitajika ili kuifikia diski halisi. Tangu hapo swali likawa ni moduli zipi ziwekwe humo. Matoleo ya Linux yalijibu kila moja kwa namna yake. Debian ina faili, /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, na ndani yake mstari mmoja unaokubali neno most au neno dep. La kwanza huweka draiva karibu zote za diski. La pili huweka zile tu za mashini iliyopo. Fedora kwa upande wake ilichagua ufinyu, ikaweka kando kerneli ya uokoaji yenye draiva zote. Kwa kituo chenye seva elfu moja zinazofanana, ufinyu una maana: sekunde chache mara elfu moja ni kitu. Kwa chumba cha fotokopi barabara namba 5, megabaiti chache zilizookolewa ni hasara inayongoja siku yake, kwa sababu mashini iliyopo leo sio itakayoibeba diski hiyo kesho. Neno lililowekwa na Debian tangu mwanzo ni most, na nadhani walichagua vizuri.

Hata majina ya diski yalipitia shule hiyohiyo. Mei 2007 Fedora 7 ilihamisha diski za IDE kwenye draiva mpya za libata, na diski iliyoitwa hda ikaitwa sda. Mashini ambazo mafaili yao yalitaja jina la zamani ziliweza kukwama zikitafuta diski iliyokuwa mbele ya macho yao. Dawa ilikuwa kuitambua diski kwa namba iliyoandikwa ndani yake yenyewe, ile UUID, badala ya mahali ilipochomekwa.

Linabaki pingamizi la mafundi wakongwe, nalo nalichukulia kwa uzito: kwamba kerneli inayouliza yenyewe imezalisha mafundi wasiojua kuuliza. Ni kweli kwamba leo mtu anaweza kufunga mifumo mia moja bila kujua maana ya kidhibiti. Lakini ujuzi ule wa namba haukuwa na faida kwa yeyote ambaye hakuwa na kitabu cha mtengenezaji, na vitabu hivyo havikufuata mashini kuukuu hadi Kalundu. Ujuzi unaotakiwa sasa ni mwepesi kupatikana na umo ndani ya mfumo wenyewe: kusoma maneno ya kerneli inapowaka, kujua kidhibiti kimeitika kwa draiva gani, kuijenga initramfs, mrithi wa ile initrd, upya kwa update-initramfs.

Chukua hitilafu moja ambayo umeme wa kukatikakatika huileta kwa wingi. Kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ya CR2032, ya mviringo, isiyozidi sarafu, inayotunza mipangilio mashini ikiwa imezimwa. Kompyuta inayokaa bila umeme siku nyingi huimaliza mapema. Ikifa, saa hurudi mwaka wa zamani, na kwenye bodi nyingi za miaka ya mwanzo ya SATA mpangilio wa kidhibiti hurudi kutoka AHCI hadi IDE. Hakuna skrubu iliyofunguliwa, lakini kwa mfumo ulio ndani ya diski, kidhibiti cha jana kimetoweka na mahali pake pamekaa kingine. Windows ya miaka ile husimama kwenye skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, na wengi huambiwa diski imekufa, wakauziwa nyingine. Linux yenye most inabisha hodi, haipati jibu la ahci, inaendelea hadi ata_piix, draiva ya vidhibiti vya IDE vya Intel, inapoitika, inaisoma namba iliyo ndani ya diski, na inawaka ikiwa na tarehe isiyo sahihi.